Nyaya Mbili za Rangi Moja: Urithi wa Fundi Magari wa Tunduma

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini, na kabla ya Desemba kwisha Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia kusini, ilijikuta haina petroli. Njia iliyobaki ilikuwa ya kaskazini: barabara ya vumbi kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, kisha kuvuka Nakonde kuelekea Ukanda wa Shaba. Mapipa ya mafuta yalipakiwa kwenye malori, na malori yakarudi na shaba. Masika barabara iligeuka tope, kiangazi ikawa vumbi na makorongo, na ikaitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, kwa ubia na kampuni ya Kitaliano ya Intersomer, zilianzisha kampuni ya usafirishaji iliyotumia malori ya Fiat yenye matela. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifika Ndola. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Habari hizi huelezwa kama sura ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na ndivyo zilivyo. Lakini barabara ile ilizaa pia watu wa kazi fulani, na kati yao yumo fundi magari wa eneo ambalo tangu 2016 linaitwa Mkoa wa Songwe.

Fundi wa barabara ile alisomea barabarani. Lori likikatika springi au likikataa kuwaka kabla ya kufika mpakani, aliyelishughulikia ni dereva mwenyewe, utingo wake, au mtu aliyepata ujuzi kwa kushika spana kwenye karakana ya kampuni, ya serikali au ya misheni. Katika mazingira hayo zilikua tabia mbili. Ya kwanza ni kupima kitu kimoja kimoja. Fundi umeme alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili, moja ameibana kwenye bodi la gari na nyingine anagusisha popote anapotilia shaka. Alianza kwenye betri, akaenda kwenye fyuzi, akaenda kwenye swichi, hadi pale balbu ilipokataa kuwaka. Hapo alijua ugonjwa uko kati ya alipogusa mwisho na alipogusa sasa. Tabia ya pili ni kupita pembeni. Swichi imeungua, unganisha nyaya moja kwa moja. Thermostati imeganda, itoe, gari liende. Hoja yangu ni kwamba tabia hizi mbili, zilizolelewa pamoja kwa miaka mingi na kuitwa kwa jina moja la ufundi, zimetenganishwa na magari ya leo. Na hakuna hitilafu inayozitenganisha waziwazi kuliko ile ya hita ya sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi.

Kupita pembeni hakukuwa uzembe kwa asili yake. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, na spea ikawa kitu cha kuombewa kibali na kusubiriwa kwa miezi. Gari lililosubiri kifaa sahihi lilisubiri hadi likaota majani. Zaidi ya hapo, karibu kila kifaa cha gari la wakati ule kilikuwa na kazi moja ambayo fundi aliijua. Akikiruka, alijua anapoteza nini. Mpaka nao uliongeza shinikizo lake. Fundi wa Vwawa au Mlowo, miji isiyo mpakani, anayetengeneza pikapu ya mkulima wa kahawa atakutana na pikapu hiyo tena Jumamosi ijayo, na kosa lake litarudi likiwa na mwenye gari juu yake. Fundi wa Tunduma kwa sehemu kubwa hutengeneza gari la mgeni ambaye saa mbili baadaye atakuwa ng'ambo. Mgeni huyo anataka jambo moja, kuvuka, na hatarudi kusema kama kazi ilidumu. Mji wa mpakani humnyima fundi mwalimu muhimu kuliko wote, yaani gari lilelile kurudi. Kwa hiyo tabia ya kupita pembeni ilishika mizizi Tunduma kwa sababu za uchumi na za jiografia, na anayetaka kuilaumu aanze kwa kuzielewa sababu hizo.

Wakati huohuo, mbali na hapa, gari lenyewe lilikuwa likibadilika. Mwaka 1976 Volvo iliuza California magari yenye sensa ya oksijeni iliyobuniwa na Bosch. Kifaa hicho, kirefu kama kidole na kinachofungwa kwenye bomba la moshi, hulinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje, kisha huitumia kompyuta ya injini ishara ya umeme mdogo usiofika volti 1. Kompyuta hupunguza au huongeza petroli kulingana na ishara hiyo, mara nyingi kwa sekunde chache. Sensa za mwanzo zilikuwa na kasoro: seramiki yake haisemi lolote mpaka ipate joto la nyuzi kama 300 za Selsiasi, na joto hilo lilitegemea moshi pekee. Mwaka 1982 Bosch ikaweka hita ndani ya sensa ili ianze kazi mapema. Tanzania ilifungua mlango wa kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu binafsi mwaka 1984, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika, yakija na sensa hizo pamoja na kile ambacho mafundi wetu wamekiita masega, kwa sababu kwa ndani kinafanana na sega la nyuki: kifaa kwenye bomba la moshi kinachosafisha gesi zenye sumu.

Hapa ndipo historia inapotoa ushahidi ambao mara nyingi husahaulika. Petroli ya wakati ule ilikuwa na risasi, na risasi huua sensa ya oksijeni na masega kwa pamoja: huganda juu yake na kuziba kazi yake. Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliazimia kuiondoa risasi katika petroli ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na hadi kufikia Januari 2006 eneo hilo lilikuwa limeachana nayo. Maana yake ni kwamba kwa miaka kumi na zaidi fundi aliyemwambia mteja asinunue sensa mpya alikuwa akimpa ushauri wenye akili, kwani sensa mpya ingekufa kwa mafuta yaleyale yaliyoua ya zamani. Fundi alijifunza kwa uzoefu wa kweli kwamba sensa ni kitu kinachokufa na gari likaendelea. Risasi ilipoondoka, sababu ya ushauri ule iliondoka nayo, lakini ushauri ukabaki. Kisha likaja tatizo la kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa, ambalo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ililipiga vita kwa kuweka vinasaba kwenye mafuta kuanzia 2010 na serikali kwa kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Hapo kila taa ya injini iliyowaka kwenye dashibodi ikapata maelezo rahisi: mafuta mabaya. Mtu aliyekwisha kupata maelezo hachukui kipimo.

Lakini hita haina habari na mafuta. Hita ya sensa ni koili, ndugu wa koili ya birika la umeme. Sensa nyingi za magari ya Kijapani tunayoyaona zina nyaya nne, mbili kati yake za rangi moja. Hizo mbili ndizo za hita. Kwenye sensa za Denso kwa kawaida ni nyeusi zote mbili, kwenye nyingine nyingi ni nyeupe. Upande mmoja hupokea moto kutoka kwenye betri kupitia rilei na fyuzi. Upande wa pili huenda kwenye kompyuta, nayo huuunganisha na hasi na kuukata kwa haraka ili kudhibiti kiasi cha joto. Kompyuta ikiona umeme haupiti inavyotarajia, huwasha taa na kuweka namba: P0135 kwa hita ya sensa iliyo mbele ya masega, P0141 kwa ile ya nyuma, au namba za jirani zake kama P0031 na P0032. Namba hiyo inataja saketi nzima, na sensa ni sehemu moja tu ya saketi. Inasema njia ya umeme wa hita ina kasoro mahali fulani kati ya fyuzi na kompyuta. Anayeisoma kama amri ya kununua sensa ameruka kazi yote ya ufundi iliyo katikati.

Kazi hiyo ya katikati ndiyo ambayo balbu ya fundi wa Fiat ingeifanya. Fyuzi huangaliwa kwanza. Kisha soketi ya sensa huchomolewa bomba la moshi likiwa limepoa, na mita huwekwa kwenye ohm kati ya zile nyaya mbili za rangi moja upande wa sensa. Koili nzima hutoa kipimo kidogo. Kwa sensa nyingi za Toyota ni kati ya ohm 11 na 16 ikiwa baridi, na kwa zile za aina mpya zaidi huwa chini ya hapo, hivyo kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Hita ya ohm 12 kwenye umeme wa volti 12 huvuta ampea 1. Hesabu hiyo fundi anaweza kuifanya akiwa amechuchumaa. Mita isipoonyesha kitu, koili imekatika na sensa ndiyo mgonjwa. Ikionyesha kipimo kizuri, sensa iachwe, na fundi ahamie upande wa gari: afungue swichi bila kupiga stati na apime waya wa moto. Hapa balbu ya zamani hushinda mita. Waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti umeme wa kutosha kuuaibisha, lakini balbu ikiunganishwa hapo hufifia na uongo unaonekana. Balbu hiyo iishie kwenye waya wa moto wa hita. Waya wa kompyuta na zile mbili za ishara si mahali pake. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba waya wa kwenda kwenye kompyuta haujakatika, haujayeyukia kwenye bomba la moshi, na pini zake hazijaota kutu kwa maji ya tope.

Sasa tazama tabia ya pili inavyofanya kwa hitilafu hiyohiyo. Mmoja ataunga waya wa hita moja kwa moja kwenye bodi ili iwake muda wote. Kompyuta huchelewesha makusudi joto kamili gari likiwa baridi, kwa sababu matone ya maji yaliyomo kwenye bomba la moshi asubuhi yakigusa seramiki iliyochemka huipasua; hita iliyofungwa moja kwa moja imenyang'anywa ulinzi huo. Mwingine ataweka rizista mahali pa hita: taa inazima, sensa inabaki baridi, na kompyuta imedanganywa kwamba mambo ni shwari. Wa tatu atachomoa balbu ya taa kwenye dashibodi. Katika enzi ya Fiat, aliyeruka kifaa alipoteza kazi moja aliyoijua. Leo anayeruka hita anaharibu mazungumzo kati ya vifaa vingi, na hasara inajitokeza mahali asipoangalia: kwenye petroli, kwenye plagi zilizojaa masizi, na mwishowe kwenye masega yanayopikwa na mafuta yasiyoungua.

Huenda msomaji akasema Tunduma ni mji wa malori, malori ni ya dizeli, na sensa ya oksijeni ya petroli ni habari ya Dar es Salaam. Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Foleni inayoonekana ni ya malori, na reli ilipodhoofika mzigo mwingi zaidi uliyarudia. Lakini barabara hiyohiyo hupitisha magari ya IT, yale madogo yaliyoshushwa bandarini na kuendeshwa zaidi ya kilomita 900 hadi mpakani kwenda Zambia na nchi zilizo mbele yake, na karibu yote ya petroli yana sensa hizi. Teksi na Noah za abiria kati ya Tunduma, Vwawa na Mlowo zinazo pia. Hata malori yenyewe yanabadilika: yale yanayotumia maji ya AdBlue yana sensa za oksidi za naitrojeni kwenye bomba la moshi, na hizo nazo ni seramiki inayohitaji hita. Anayejifunza saketi ya hita kwenye gari dogo kama IST anajiandalia lori la kesho.

Pingamizi zito zaidi ni hili: hita ikifa, gari linaenda. Ni kweli, na fundi asimtishe mteja kwa kumwambia injini itakufa njiani. Ila mkoa huu una hali yake. Miji ya Vwawa na Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Gari la mjini linalotoka nyumbani, kwenda sokoni na kuzimwa baada ya dakika chache hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kabla sensa isiyo na hita haijapata joto, na muda huo wote kompyuta humimina petroli kwa makadirio. Mwenye gari analipa tofauti hiyo kila anapojaza tenki bila kuiona kwenye risiti. Kuna pia jambo la pili, ambalo kwangu ndilo linaloamua. Taa ya cheki injini ni moja kwa magonjwa mengi. Aliyeizoea ikiwaka kwa sababu ya hita hataijua siku inawaka kwa sababu ya injini kumisi. Kuiacha ikiwaka ni sawa na kumzoea mlinzi anayepiga kelele kila usiku. Siku mwizi anapokuja hakuna anayeamka.

Wapo pia wanaosema kompyuta imemaliza ufundi wa zamani, na kwamba kazi hizi sasa ni za vijana wenye mashine ya kupimia; wazee wa gereji bubu wapumzike. Ushahidi nilioueleza unasema kinyume. Mashine husoma namba, na hapo kazi yake kwenye hitilafu hii imekaribia kwisha. Kutoka hapo kinachohitajika ni mtu anayejua kufuata moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye mzigo na kurudi kwenye hasi, maarifa aliyokuwa nayo aliyetengeneza stata za malori nusu karne iliyopita. Kijana mwenye mashine asiyejua kufuata waya atabadilisha sensa nzima na namba itarudi. Mzee mwenye balbu asiyejua kusoma namba atapekua gari zima. Hawa wawili wakifanya kazi kwenye shimo moja wanamaliza hitilafu kabla chai haijapoa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kumtambua fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alionao. Utaratibu huo ungefaa sana Songwe ukimpima fundi kwa kazi kama hii, inayodai ujuzi wa zamani na wa sasa kwa pamoja.

Mkoa huu umewahi kuona ufundi ukifa, na tuna la kujifunza hapo. Wanyiha wa Mbozi, kama jirani zao Wafipa, walikuwa wakiyeyusha chuma kutoka kwenye mawe ya nchi yao na kufua majembe na mikuki. Majembe ya madukani yalipokuja, uyeyushaji ukakoma katika enzi ya ukoloni. Wahunzi walibaki, wakifua chuma chakavu, lakini sehemu ngumu ya kazi, ile ya kukitoa chuma kwenye jiwe, ikatoweka pamoja na waliokuwa wakiijua. Mvukuto ulibaki na nyundo ilibaki. Kilichopotea ni kuelewa. Gereji inayobadilisha vifaa bila kupima inaelekea njia hiyohiyo, hata kama ina mashine ya kisasa na foleni ya wateja mlangoni. Sehemu ngumu ya ufundi wa magari ni kupima, na ndiyo rahisi kuachwa, kwa sababu mteja haioni na halipii kwa jina lake.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenye gereji wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na Ileje ni ndogo na inawezekana. Kila gereji iwe na mita moja inayofanya kazi na balbu moja ya kupimia. Kila hitilafu ya hita iandikiwe kipimo kwenye karatasi ya kazi, ili mgeni avuke mpaka akiwa na ohm zake mkononi na fundi wa Nakonde, Mpika au Ndola aendelee pale wa kwanza alipoishia. Kijana wa spana afundishwe hitilafu hii mapema, kwa kuwa inamfunza kufuata umeme bila kumhatarisha. Na wewe mwenye gari, unapoambiwa ununue sensa mpya, uliza kwanza zile nyaya mbili za rangi moja zimeonyesha ohm ngapi. Fundi aliyepima atakujibu kwa namba.